Swali Alilolikataa Hakimu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi je, na hao watoto wanaokua bila kutuona? Huku sisi ni wazima, na cherehani zote mbili zinafanya kazi. Ila nina habari nzito, na naomba uisome ukiwa umekaa.

Yule fundi wa kufuli mwenye meza yake mkabala na chumba chetu cha kushonea amekamatwa. Duka la simu la jirani liliibiwa Jumamosi saa saba mchana, wenyewe wakiwa wamekwenda kula, na kufuli halikuvunjwa. Watu wakasema, nani mwingine awezaye kufungua kufuli bila ufunguo? Yeye akajitetea kwamba saa hiyo alikuwa kwetu, akitengeneza kitasa cha kabati la vitambaa. Akatutaja mimi na mdogo wetu.

Kaka, fundi huyu nilimpenda mimi kwanza. Miaka miwili nimeharibu makufuli yangu mwenyewe ili nipate sababu ya kuvuka barabara. Kisha kitinda mimba wetu akamaliza shule, akakaa kwenye cherehani ya pili, na fundi akaanza kuvuka yeye. Wivu ulinishika mpaka nikawa nashindwa kutia uzi kwenye sindano. Mtoto hata nywele hachani, na bado anatazamwa yeye!

Mahakamani niliitwa upande wa mashtaka. Nikashika kitabu, nikaapa, nikatoa ushahidi wangu, kisha nikaruhusiwa kukaa nisikilize. Mdogo wetu alikuwa nje akingoja zamu yake, hakusikia kitu. Alipoingia alimwambia karani kwamba hataapa kwa kitabu, atathibitisha tu kuwa atasema kweli. Unajua tangu tumzike Baba ameacha kusali. Akaeleza kwamba Jumamosi ile saa saba fundi alikuwa kwetu, amepiga magoti mbele ya kabati, bisibisi mdomoni.

Mwendesha mashtaka akamuuliza kama anaamini kuna Mungu, na kama haamini, kitu gani kinamzuia kudanganya. Watu wakaguna. Hakimu akalikataa swali hapo hapo. Akasema shahidi huulizwa alichokiona na alichokisikia, na kusali au kutosali kwake si kipimo cha ukweli wake. Mdogo wetu alikuwa ameshafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilichukia kweli, kwa sababu swali lile mwendesha mashtaka nilimpa mimi. Nilimnong'oneza kwenye korido asubuhi ile.

Na hilo ni dogo. Kaka, fundi alikuja kwetu. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa natia pindo la sketi hatua tatu kutoka kwake, wao wawili wakicheka kana kwamba mimi ni kiti. Nikaapa kwamba hakuja.

Jana mdogo wetu aliambiwa nilichosema. Nilijiandaa kutukanwa, nikawa na majibu tayari. Hakunitukana. Alikaa kitandani kwangu, akaniambia labda fundi alikuja Ijumaa, labda yeye amechanganya siku, maana dada yake hawezi kusema uongo. Keshokutwa anataka kurudi kwa hakimu kusema hana hakika tena. Kumwamini Mungu ameacha, lakini mimi bado ananiamini, na kwa ajili ya imani hiyo mtu asiye na kosa atafungwa.

Kwa hiyo kesho nitamtangulia. Nitamwambia hakimu kwamba niliapa uongo. Huenda wakanifunga mimi, basi nakuomba uje ukae na mdogo wetu, asibaki peke yake na kazi za wateja. Nisikudanganye kwamba wivu umeisha. Hata sasa nikiwaza watakavyotazamana fundi akitoka, roho inaniuma.

Msalimie sana wifi, uwabusu watoto. Ukiwaambia shangazi yao yuko wapi, uwaambie na sababu.

Ni mimi nikufuataye kuzaliwa,
Dada yako