Mguu wa Marehemu Umeombewa Hataza

Dada Aneth mpendwa, naomba unishike mkono, maana binti yangu Firdausi anataka twende mahakamani na mimi hata kugombana sokoni sijawahi.

Marehemu mume wangu, Haidari, alitengeneza vikinga ugoko vya wachezaji mpira hapa Kasulu, mimi na Firdausi tukimsaidia. Alikata madumu ya mafuta, akayalainisha kwa maji ya moto na kuyakunja juu ya mguu wa mti aliouchonga kwa kufuata mguu wake mwenyewe wa kulia, uliopinda kidogo tangu alipoanguka na baiskeli akitoka Manyovu na mikungu miwili ya ndizi, na kupinda huko ndiko kulikofanya vikinga vyake visiteleze, ndiyo maana timu za hapa na za Kibondo zilivinunua miaka tisa. Kila jioni aliufuta mguu ule vumbi kwa shati lake, nami nikimgombeza kwa ajili ya shati.

Siku ya arobaini tuligawa vitu vyake kwa watu wake wa karibu, na rafiki yake Stanislaus, fundi viatu wa Kibondo, akaambiwa achague redio, koti au mguu. Akachagua mguu, akaukumbatia akilia, na mimi niliyekuwa katika eda nikalia naye nyuma ya pazia, nikasema huyu ndiye rafiki. Nilipotoka eda nikakuta ana kampuni, ana kibao barabarani, na ameomba hataza ili sheria imtambue yeye kuwa mbunifu, na mwanasheria wake ameniandikia niache kutengeneza vikinga mara moja, eti umbo lile limetokana na utafiti. Utafiti gani, na mtu alianguka na ndizi? Nikampigia simu.

"Shemeji," akasema, "matanga yameisha, sasa ni biashara."

"Shemeji, huo ni mguu wa Haidari."

"Una risiti ya mguu?"

Nikasema wasalimie watoto. Sasa hatuna pa kukunjia. Firdausi alijitolea mguu wake, dumu la moto likamfanya awaite babu zake wote kwa majina. Nimwache Stanislaus, maana nilimpa mwenyewe, au nimshitaki rafiki wa marehemu?

Mwatumu, Kasulu

JIBU

Bi Mwatumu, pole sana kwa msiba. Lakini koti hugawiwa. Kifaa kinacholisha nyumba hakigawiwi! Na mguu wa mtoto uacheni upone.

Sikiliza. Hataza ni ya kitu kipya. Kitu ambacho mabeki wa wilaya mbili wamekivaa miaka tisa si kipya, hivyo Stanislaus hastahili, na usinikasirikie, wewe pia hustahili. Haidari angeomba kabla ya kuuza jozi ya kwanza. Kusanya picha za timu zenye tarehe na barua za makocha, umwone msaidizi wa kisheria hapo wilayani, mlipinge ombi hilo wiki hii. Kuomba si kupewa, kwa hiyo endelea na kazi.

Ila nimeisoma barua yako mara mbili, na naona hataza huitaki. Unautaka ule mguu. Basi nenda Kibondo na wazee wawili waliokaa matanga, na mbele ya mtendaji wa kata mwambie Stanislaus apandishe suruali, aweke ugoko wake kando ya ule wa mti. Ukilingana, mwachie. Usipolingana, usiseme neno. Nyoosha mikono, upokee.