Namba za Kunakili

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama.

Sijui kama umesikia yaliyompata yule mama anayefua nguo hosteli, ambaye wenzake wanamwita Mama Povu. Jumanne iliyopita aliingiza mikono kwenye mashine kutoa mashuka, sakafu ikiwa imelowa, umeme ukamnasa. Swichi ya usalama, ile inayotakiwa kukata umeme mara tu unapoanza kuvuja, haikukata. Mpishi ndiye aliyekimbia kuzima swichi kubwa. Mama yu hai, lakini mpaka leo hajafumbua macho.

Mzee Koleo, fundi mwenzangu aliyefunga mashine ile, amewekwa ndani. Polisi wanasema fomu ya ukaguzi ya mwezi uliopita inaonyesha swichi ilikuwa nzima, kwa hiyo lazima yeye aliichezea baadaye. Mkewe alikuja kwangu analia, akaniomba nimtetee mumewe. Nikamwambia nitaona la kufanya. Kaka, niliyasema hayo nikiwa nimeangalia pembeni.

Kila siku nakwenda hospitali. Binti wa Mama Povu hunipisha kiti, hunisifu kwa wageni kwamba nina utu. Jana nikashindwa kuvumilia.

"Ile swichi mimi ndiye niliyetumwa kuipima," nikamwambia.

"Kwani ulipima vibaya?"

"Sikupima."

Nikamweleza yote. Kupima kungezima mashine zikiwa katikati ya kufua, na msimamizi wa hosteli alinisihi nisimharibie siku, maana mashuka yalikuwa mlima. Nikanakili namba za vipimo vya mwaka jana, nikatia sahihi, nikaenda zangu. Kipimo cha umeme ulichoninunulia siku nilipohitimu ufundi hakikutoka hata kwenye mkoba.

Binti hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alimfuta mama yake midomo kwa kitambaa kibichi, ndipo akauliza, "Na kwingine je?"

Kwingine kupo, kaka. Ni majengo manne ambako nako nilinakili tu, na mojawapo ni jiko la shule wanaposoma wanao. Muhula mzima wamenawa mikono kwenye sinki lile, hatua mbili tu kutoka kwenye jiko la umeme, nami Jumapili nakuja kwako nawapakata kama mtu mwema.

Nimepiga simu kwenye majengo yote manne. Mwalimu mkuu amezima umeme wa jikoni mbele ya walinzi na kufunga mlango kwa kufuli. Wanao wako salama. Lakini nakuomba uende ukawapimie swichi wewe, uliye fundi pia, maana sahihi yangu haina thamani tena. Maelezo yangu nimeshayaandika. Leo saa nne nayapeleka kituoni ili Mzee Koleo atoke. Kama mimi nitatoka, sijui.

Nilitaka uyasikie kutoka kwangu kabla hujayasikia mtaani.

Mpe wifi salamu zangu. Watoto nao wasalimie, ila usiwaambie salamu zimetoka kwa nani, mpaka utakapoamua kama bado waniite shangazi.

Ni mimi,
mdogo wako.