Siku Tisa Simu Zikiwa Sandukuni

Mtaa wa Chini,
Kijiji cha Kök-Terek,
Naryn.

14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Zinat,

Salamu nyingi zikufikie huko Yekaterinburg pamoja na harufu ya majani makavu, maana naandika nikiwa nimeegemea rundo lake. Mgongo unaendeleaje? Na yule msimamizi wenu wa kiwanda cha mikate, bado anawahesabia dakika za kunywa chai? Sisi ni wazima. Goti la mama mkwe linauma kwa adabu, yaani mchana tu, na mimi nimenenepa kwa sababu utakazozisoma.

Najua ulituma ujumbe mara kumi na moja ukiuliza kama tuko hai. Tulikuwa hai sana. Ile simu uliyomnunulia shemeji yako Tashtan ilikuwa imefungiwa katika sanduku la mama mkwe, pamoja na yangu na ya binti yetu Nurzada, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mama mkwe. Usikasirike. Simu yako ni nzuri. Inapiga picha vizuri, na inatukana vizuri pia.

Yalianza Juni, kwa zamu za maji ya mfereji. Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini wanagombea maji tangu hatujazaliwa, lakini zamani ilibidi mtu atembee hadi kwa mwenzake kumtukana, na wengi hasira ziliwaishia njiani. Sasa kuna grupu la kijiji kwenye simu, lenye watu mia mbili na kumi na wanne, na hata walioko Moscow, wasio na shamba wala ndoo, wanatugawia maji. Asubuhi moja, siku ya zamu yetu, Tashtan alikuta mfereji umekauka. Hakuuliza mtu. Akaandika mbele ya wote kwamba Kubat wa Mtaa wa Juu ni mwizi wa maji.

Kubat huyo huyo, Zinat, aliyekaa naye dawati moja miaka kumi, aliyemshikia farasi siku ya harusi yetu. Na Kubat je? Aliacha tu kuja kwetu. Shemeji yako akawa hali chakula vizuri, analitazama lile neno lake kwenye simu kama mtu anayetazama kidonda. Kulifuta asingeweza, muda ulishapita, na kila mtu alishaliona.

Basi mama mkwe akatangaza kwamba tunahamia malishoni, nyumba nzima, bila vidubwasha. Nurzada alilia kama aliyefiwa. Tulipofika bondeni tukakuta hema moja tu limetangulia kando ya kijito, na mbele yake lori la Kubat.

"Kumbe kuna watu," akasema mama mkwe, kwa sauti ya mtu aliyejua kabla hatujaondoka nyumbani.

Desturi unaijua: aliyetangulia malishoni humlisha anayefika kabla jiko la mgeni halijawaka. Asipoleta chakula, aibu ni yake. Usipokula, aibu ni yako. Tashtan alianza kuchanja kuni kwa haraka ambayo sijawahi kuiona nyumbani. Mama mkwe akakikalia kiberiti.

Seyil, mke wa Kubat, akaja na mkate, malai ya maziwa na birika. Nyuma yake Kubat na bakuli la nyama, uso kama ukuta.

"Kuleni," akasema. "Maji ya chai ni ya kijito. Sikuyaiba."

Tashtan alitafuna kipande kimoja muda mrefu. "Nilikosea kuandika vile, Kubat. Nisamehe."

"Ulinitukana mbele ya watu mia mbili na kumi na wanne. Hapa tupo sita na mbwa."

"Huku hakuna mtandao, bwana."

"Basi subiri upatikane. Na mimi nitasubiri, huku nakulisha."

Na kweli alimlisha. Kila asubuhi bakuli la malai mlangoni petu. Sijaona kisasi kilichonona hivyo, na mlaji mkuu nilikuwa mimi. Siku ya nne wakawa wanakata manyoya ya kondoo pamoja, kimya. Siku ya sita wakabishana juu ya umri wa farasi, nikamshukuru Mungu. Nurzada alijifunza kwa Seyil kukamua farasi majike, akasahau kulia. Mume wangu akapiga mluzi, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu mfereji ukauke.

Siku ya tisa Kubat akatushusha kwa lori lake. Pale kwenye kona ambapo mtandao unaanza, mama mkwe aligonga paa, lori likasimama, akafungua sanduku. Tashtan akaandika kwa kidole kimoja: "Nilimwita Kubat mwizi. Si mwizi. Namwomba radhi hapa hapa nilipomtukana."

Kubat alivaa miwani, akasoma kwenye simu yake, kisha akaandika chini yake: "Nimesamehe. Lakini maji nilichukua, nusu saa, viazi vyangu vilikuwa vinakufa. Nilikuwa njiani kuja kukwambia nikakuta nimeshaandikwa."

Tashtan akamgeukia. "Nusu saa?"

"Dakika arobaini."

Shemeji yako alicheka mpaka akashika mlango wa lori asianguke.

Grupu lilinyamaza siku nzima, jambo lisilowahi kutokea. Ugomvi wa zamu haujaisha. Ijumaa kuna kikao pale mferejini, kwa miguu. Tashtan na Kubat wataenda pamoja, kisha kila mmoja atampinga mwenzake.

Asante kwa simu, mdogo wangu. Imefanya kazi njema kuliko zote siku ilipotoka sandukuni. Na namshukuru mama mkwe, ambaye ufunguo bado hajauvua.

Msalimie sana mumeo Ermek, na mama Sabira mnayeishi naye. Nurzada anakubusu mikono. Mungu akupe mgongo mzima na njia fupi ya kurudi nyumbani. Hema lako tutalilisha sisi.

Mimi dada yako nikupendaye,
Uulkan