Mlango wa Friji Unaokwaruza

Jumanne, baada ya chakula

Haya siwezi kumwambia mtu. Bora gumbaru, lile darasa la watu wazima, ilinifunza kuandika.

Friji tuliyoletewa na binti yangu, ukiupapasa mlango wake taratibu umeme ukiwaka, unakwaruza kama shavu la marehemu mume wangu kabla hajanyoa. Ukizima swichi, unakuwa laini kama sahani.

Leo nimemwonyesha fundi Salim, akacheka. "Shosho, si mzimu. Umeme unavuja kwenye bati, unavuta ngozi ya kidole. Waya wa ardhini haujafungwa. Mtoto akigusa na miguu imelowa, utamzika."

Nikachomoa plagi, nikamfukuza mjukuu wangu jikoni kwa mwiko.

Salim alitaka kufunga waya papo hapo. Nikamdanganya nina wageni, arudi kesho.

Nimevaa ndara za mpira. Nitachomeka mara moja tu, nimpapase mzee wangu shavu.