Wali Mpya Nimeuonja

Mke wangu mpenzi Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka huku Uingereza kwenye baridi. Hujambo? Watoto hawajambo? Na mama, goti lake linamwacha alale? Mimi ni mzima, na safari hii usidhani nakuficha.

Barua yako niliipata pamoja na kifuko cha mchele mpya, aliniletea Omari, baharia mwenzangu. Umesema mpunga wetu wa Mbuchi umeshaingia ghalani na hakuna aliyeugusa, kwa kuwa mimi mwenye shamba sijauonja, kama ada yetu ilivyo. Mdogo wangu Bakari akataka kuonja kwa niaba yangu, mama akamkatalia: "Anayeonjewa ni maiti. Mwanangu yu hai." Basi mnashindia mihogo kwa ajili yangu, na mimi nautazama mchele huku hata maji hayapiti kooni. Iliniuma sana, mke wangu.

Kumbe kilichoniziba kilikuwa uvimbe wa saratani kwenye umio, njia ya chakula. Nilikuogopa wewe kuliko daktari, maana uliniapisha nisikubali kupasuliwa kifua. Hakukipasua. Alinichana shingoni na tumboni, akapitisha mikono juu na chini, akautoa umio, kisha akauvuta mfuko wa tumbo hadi shingoni. Ni kama unavyopitisha kamba kwenye suruali yangu bila kufumua mshono. Alinionya mapema kuwa wengi hawaamki. Nikasema bismillahi, nikalala.

Nikaamka. Kwa muda mrefu nililishwa kwa mpira tumboni. Ukiniona utacheka: mifupa mitupu, na sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Juzi nikaruhusiwa kumeza. Muuguzi akaniletea supu yao, nikamwomba anipikie uji wa mchele wangu. Nazi hana, uji hajui, akauunguza kidogo. Nikanywa kijiko, nikangoja ukwame kama zamani. Ukashuka. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Mwambie mama, mwanawe ameonja kwa kinywa chake mwenyewe. Nisalimie Bakari, aache pupa, na shangazi yetu wa Bungu, na kaka yako wa Dimani. Watoto wabusu wote.

Ukishasomewa barua hii usikae kuikunja. Injika chungu, mama apakuliwe wa kwanza. Sahani yangu nayo uiweke. Bado ina mwenyewe.

Mumeo niliyeonja,
Seif