Usimpigie, Yuko Barabarani

Jumatatu, 4 Machi

Meneja amekubali. Naandika tena nilione vizuri: amekubali. Wiki hii yote hakuna mtu wa ofisi atakayempigia dereva akiwa njiani. Ila mkate ukichelewa duka moja tu, tunarudi kulekule kwa zamani — umefika wapi, umefika wapi — na asiyepokea anafokewa jioni mbele ya wenzake.

Marehemu mume wangu alikuwa hodari wa kupokea. Simu ameibana begani, shingo imepinda, mkono mmoja kwenye usukani. Siku gari lake la mikate lilipoacha njia pale kona ya machimbo, aliyekuwa akimuuliza amefika wapi ni ofisi hii hii. Leo kiti cha kupanga safari ni changu.

Mpango wangu ni huu. Gari likishusha mkate, mwenye duka ananibip. Sipokei, yeye halipi kitu. Mimi nasogeza kibanio cha nguo kwenye kamba nilizofunga ukutani: kila gari kamba na kibanio chake, kila duka fundo lake. Simu ya dereva imezimwa, iko kwenye mfuko nilioushona, mfuko uko chini ya kiti. Gari likiharibika, anaegesha na kuiwasha. Basi.

Jumanne, 5 Machi

Kelele asubuhi, sehemu ya kupakia. Wamenibatiza Mama Bip. Radi — tunamwita hivyo kwa ajili ya spika alizofunga nyuma ya kiti, ukimsikia akija unaingiza nguo ulizoanika — akauliza na redio nayo inazimwa?

"Mama, ukininyima redio nitaongea na mikate."

"Redio sikukatazi. Chagua wimbo kabla hujatia gia. Ukiuchoka, vumilia au usimame."

"Na ukiwa mbaya sana?"

"Umeuchagua mwenyewe, mwanangu. Maliza nao safari."

Wakacheka wote. Hata fundi wa tanuri, ambaye hacheki.

Nimemkumbuka marehemu na redio yake. Alijua viitikio tu, na alichelewa kuviingia. Watoto walikuwa wakimngoja amalize.

Vibanio vyote vilifika mwisho wa kamba.

Jumatano, 6 Machi

Vyote tena! Maduka yamezoea. Mwenye duka wa sokoni anabip kisha anapiga tena kabisa ili anisalimie. Nimemwomba asalimie jioni.

Mguu unauma kwa kusimama. Moyo mwepesi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nusura.

Kibanio cha Radi kilikwama fundo la nne. Maduka mawili mbele yake kimya. Meneja akaja akasimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Akasema, mpigie. Nikasema hapana. Akatoa simu yake akapiga mwenyewe — haipatikani. Akapiga tena, kana kwamba safari ya pili simu itaona aibu na kuwaka.

"Mama, mkate wangu uko wapi?"

Niliiona ile kona ya machimbo waziwazi, kila jiwe.

Kisha nikakumbuka: kati ya duka la tano na la sita kuna saluni, na msusi wake ni rafiki wa binti yangu. Nikampigia. Yule msusi hana haraka. Akanisalimia, akaniulizia mguu. Ndipo akasema gari la mikate limeshapita kitambo, limeondoka na ngoma zake. Umeme umekatika mtaa mzima tangu jana, simu za wenye maduka zote hazina chaji. Yeye anayo kwa sababu alilala kwa dada yake.

"Mkate umefika?" nikauliza.

"Shangazi, ninao mdomoni."

Nikamgeuzia Meneja simu asikie mwenyewe. Nikasogeza kibanio, taratibu, mafundo mawili.

Hakuondoka. Alikaa kwenye kreti tupu, akaangalia kamba. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile alimpigia mume wangu mara tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyopokelewa. Hajawahi kunitamkia hilo. Nikampa kikombe changu cha chai. Akakinywa chote.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuna duka lililochelewa. Wala moja! Radi ameingia uwanjani akipiga honi kama anarudisha bibi harusi. Anasema tangu azime simu anafika mapema, kwa sababu zamani kila akipigiwa alipunguza mwendo, na mara mbili alipitiliza duka.

Meneja amesema yeye ameridhika. Lakini wa kuamua ni Mkurugenzi, mwenye kiwanda. Na Mkurugenzi ndiye anayempigia Meneja kutwa nzima, ndipo Meneja anawapigia madereva. Maji yanatoka juu.

Nimekata mkate nyumbani. Nimekula kile kipande cha mwisho chenye ganda, ambacho marehemu alikuwa akikitia mfuko wa shati. Kwa mara ya kwanza nimekimaliza.

Jumamosi, 9 Machi

Dereva mmoja ana homa, Meneja amechukua gari mwenyewe. Kabla ya kuwasha aliniletea simu yake mezani. Nikamwambia mfuko upo. Akasema hapana, kaa nayo, ikiwa karibu nitaichungulia.

Naandika simu hiyo ikiwa sikioni mwangu. Imeita, ni Mkurugenzi, nikapokea.

Akataka Meneja. Nikasema yuko barabarani, akishusha nitamwachia ujumbe kwa mwenye duka. Akauliza kwa nini simu yake ninayo mimi. Nikaeleza yote — mfuko, bip, kamba, wiki nzima bila duka kuchelewa. Nikataja na jina la marehemu.

Kabla hajajibu nikasikia honi, karibu kabisa, na mtu akimtukana.

"Mzee, uko kwenye usukani?"

Akasema ndiyo, lakini yeye amezoea, niendelee tu, anataka kuamua jambo hili sasa hivi.

"Nitaendelea, mzee. Egesha kwanza."

Ananiuliza kama najua naongea na nani. Nimemwambia najua, ndiyo maana namwomba aegeshe.

Nasubiri, kalamu mkononi.

Sasa nasikia indiketa ya gari lake. Tik, tik, tik —