Baba Anafunga, Mimi Nafungua

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana maji yamenifika shingoni na ndani ya nyumba hii sina wa kumwambia.

Mimi ni kitindamimba, naishi na baba yangu tangu mama alipofariki, na kazi yangu ni kusambaza mikate madukani kwa pikipiki. Baba ni fundi pikipiki, au niseme alikuwa, sijui hata neno gani nitumie, na hapo ndipo roho inaponiuma. Nimekulia miguuni pake pale uani, nikimshikia tochi na kumwoshea bolti kwa petroli, na alikuwa mtu akisikia pikipiki inapita barabarani anakuambia ugonjwa wake kabla haijakata kona. Sasa siku hizi anaweza kuniangalia akaniambia nipe ile, ile ya kufungulia, na spana iko mkononi mwake. Kuna siku ameniita kwa jina la mama, nikaitika tu, ningefanyaje.

Mwezi uliopita shokapu za mbele za pikipiki yangu zilianza kuvuja, oili ikawa inateremka kwenye bomba mpaka karibu na breki, na nikikamata breki kule mbele panagonga, kwa hiyo nikajua sili, zile raba zinazozuia oili isitoke, zimekufa na bushi, zile pete zinazoshika bomba lisicheze, nazo zimelika. Nilitaka kuipeleka kwa fundi wa sokoni, baba akasikia, akanuna mchana kutwa, akasema yaani yeye yupo hai halafu binti yake anafungiwa shokapu na watu wa nje. Nikaona aibu, nikanunua sili na bushi, nikamwachia. Kwa kumtazama ungesema ni yule yule wa zamani, alitoa gurudumu, akachomoa shokapu zote mbili, akamwaga oili chafu, akavuta lile bomba kwa nguvu zake mwenyewe mpaka sili kuukuu zikatoka, mimi nikaenda zangu kupika nikiwa na furaha. Kesho yake nikapeleka mikate kama kawaida, niliporudi nikakaa kufua ovaroli lake, nikapapasa mfuko kabla ya kuloweka, nikakuta bushi mpya zote zimo humo, hata plastiki yake haijachanwa.

Shangazi, ovaroli nililiacha pale pale kando ya beseni. Bahati kaka yangu mkubwa alikuja mchana huo kumpeleka kliniki, walipotoka tu nikafungua kila kitu. Bushi zilizolika alizirudisha zile zile. Sili moja ameipachika juu chini, springi yake inatazama juu, na ile lazima itazame chini kwenye oili ndiyo izuie. Shokapu moja amemimina oili ya zote mbili, nyingine kavu kabisa. Hayo yote ningeyameza, lakini bolti za breki alikuwa amezizungusha kwa vidole tu, hakuzikaza, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimeshapita nayo barabara kuu.

Nikafunga upya kama alivyonifundisha yeye mwenyewe, nikafuta alama za vidole vyangu, nikapaka hata vumbi kidogo isijulikane kama imeguswa. Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja uani, akakamata breki, akaukandamiza usukani chini mara kadhaa, akapitisha kitambaa cheupe kwenye bomba, kikatoka safi. Akanigeukia machozi yanamlengalenga.

"Bado nipo, mwanangu," akasema.

Nikamsifu, na nimejipalia makaa mwenyewe, kwa sababu amewatangazia majirani wote, na sasa mwalimu wa nyumba ya pili, ambaye kila asubuhi anapakia wanawe wawili kwenye pikipiki yake, ameomba na yeye afungiwe sili na bushi, na baba amemwambia ailete Jumamosi. Kaka nilipompigia simu alinijia juu, akasema atakuja kuchukua sanduku la vifaa alifungie kwake mambo yaishe, lakini nikimfikiria baba anaamka anakuta sanduku halipo, naona ni kumzika mtu anapumua. Mimi nimewaza nifanye kama mwanzo, yeye afunge, nimsubiri alale mchana nifungue, ila mwalimu anaweza kuichukua hapo hapo. Na baba mwenyewe ananiongezea mzigo, ameniambia Jumamosi nisiende popote, nikae karibu yake, eti macho yake siku hizi yanamchezea na mikono inamsahau, nadhani anataka nimwone akifanya kazi kama zamani, nami nikamdanganya kwamba nina mikate ya kupeleka, maana kusema kweli siwezi kukaa pale nikamtazama. Shangazi, nimwambie ukweli nimvunje moyo, au ninyamaze nimlinde? Hapa ninapoandika nalia.

Ni mimi, Binti wa Fundi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole, na si pole ya mdomoni. Kumpoteza mzazi huku bado unampikia chai ni msiba ambao watu hawaji kukaa nawe, kwa sababu wakipita wanamwona yupo, ameketi, anasalimia. Umeubeba peke yako na umechoka, nimekusikia.

Pole imeisha, sasa nikukaripie. Bolti za breki zimeshikwa kwa vidole, na wewe unafuta alama na kupaka vumbi? Uliona ni huruma, najua. Lakini ulichofanya ni kumvika baba yako kilemba cha ukoka, naye akatoka nacho mtaani, na sasa mtu anakuja na watoto wawili kwa sababu ya sifa ulizozitengeneza wewe kwa mikono yako. Ingekuwa ni wewe tu unayepanda, ningekuacha uamue. Wale watoto hakuna aliyewauliza. Hayo mawazo ya kusubiri alale uyatoe kichwani leo. Na kaka yako mwambie sanduku lisiguswe, yeye kupeleka mgonjwa kliniki siku mojamoja hakumpi ruhusa ya kufunga maisha ya mtu kwa kufuli.

Sasa irudie barua yako, pale mwishoni. Mtu aliyekuwa anajua ugonjwa wa pikipiki kwa kusikia mlio tu amekwambia kwa kinywa chake kwamba macho yanamchezea na mikono inamsahau. Wewe unadhani anataka umpigie makofi? Anaogopa, mwanangu. Amekuomba msaada kwa njia pekee ambayo baba anaweza kumwomba mwanawe bila kujisikia vibaya, na wewe ukamjibu una mikate. Unatafuta namna ya kumpasulia habari ambayo yeye ndiye wa kwanza kuijua.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo leo nenda kwa mwalimu, umweleze kwamba baba anaumwa usahaulifu, na kwamba kazi mtaifanya wawili, wewe ukiwa ndiye unayefunga. Akitaka kupeleka kwa fundi mwingine, usimnunie, ana watoto. Kesho asubuhi, baba akishakunywa chai na akili imetulia, mwambie bushi ulizikuta mfukoni, na ni wewe uliyefungua na kufunga upya. Usizungushe maneno na usimhesabie makosa. Atakasirika, huenda akakufukuza uani, na wewe ondoka, halafu rudi. Kisha mwambie kuanzia sasa spana unashika wewe na yeye anaelekeza, na hakuna pikipiki itakayotoka hapo kabla hujakaza kila bolti na kupima oili ya kila shokapu mwenyewe. Na kliniki uende wewe safari ijayo, umweleze daktari haya ya spana na ya jina la mama, maana kaka yako hayajui.

Sitakudanganya kwamba hayo yatamponya. Itafika siku utamuuliza sili inatazama wapi, akuangalie tu, asijue unauliza nini, nawe itabidi ujijibu mwenyewe na uendelee kukaza. Siku hiyo lia mpaka utosheke. Lakini leo bado anajua kwamba anasahau, na analijua hilo peke yake. Jumamosi nenda kakae naye.